Bakuli la kiburu lililolaza mfumo wa tiketi za basi Moshi, msimu wa Krismasi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenyeji wa jukwaa hili la teknolojia na nyie mliopotea njia mkaingia humu mkitafuta matokeo ya mpira.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, pale Moshi mjini, mfumo mzima wa kukatia tiketi wa kampuni moja ya mabasi uliganda katikati ya msimu wa Krismasi. Chanzo kilikuwa bakuli la kiburu.

Siyo kwamba kiburu kilimwagikia seva. Hilo lingekuwa jepesi, tungefuta tukaendelea na kazi.

Ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe, nilikuwepo tangu mwanzo. Majina nimebadilisha na kampuni siitaji. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Kwa wasiokijua, kiburu ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja mpaka vikasahau kwamba zamani vilikuwa vitu viwili. Ni chakula cha mlimani, na kinashibisha.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Mwenye kampuni tumwite Mama Sixta. Alianza kwa kuuza ndizi sokoni Tarakea, kule Rombo mpakani na Kenya. Akanunua gari moja bovu, likazaa jingine, na mimi nilipomkuta alikuwa na mabasi ya kwenda Dar, Arusha na Rombo. Mwanamke asiyeogopa kitu, ila hakuamini chochote ambacho hawezi kukibeba kichwani.

Kompyuta alikubali kwa shingo upande. Alituajiri vijana wawili, mimi na Novatus, akatupa chumba kimoja cha kupanga Majengo, katikati ya fundi cherehani na fundi viatu. Ndani kulikuwa na seva, viti viwili, na feni iliyokuwa inapuliza upande mmoja tu kwa sababu shingo yake ilikuwa imevunjika.

Novatus alikuwa Mchagga wa Rombo, wa juu kabisa kwenye baridi. Mpole, msafi, hajawahi kuingia ofisini bila kusalimia hata kama ametoka kununua vocha tu.

Mimi nilizaliwa kambini, kwenye mashamba ya miwa kusini mwa mji. Baba alitoka Singida kufuata kazi ya kiwandani. Tofauti hii ya mlimani na kambini ndiyo kisa chenyewe, mtaona.

Mfumo tulioandika ulikuwa wa Java. Karani aliye ofisini stendi anafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, anachagua safari na tarehe, seva yetu inaiuliza database kama kuna siti tupu, jibu linarudi. Ofisi za Moshi, Arusha, Dar na Tarakea zote zilikuwa zinauliza hapo hapo kupitia laini ya simu.

Tatizo la kwanza lilikuwa uzito. Kila karani akiuliza, mfumo ulikuwa unafungua connection mpya, yaani njia ya mawasiliano, kwenda kwenye database, unauliza, unafunga.

Kwa wasio wa fani: ni kama unampigia simu shangazi, unamsalimia, unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, ndipo unauliza swali lako. Anakujibu, unakata. Halafu unakumbuka swali la pili, unapiga tena, unaanza upya na ng'ombe.

Karani wa Moshi alikuwa Halima, mzaliwa wa Majengo, mdomo wake hauna breki. Alikuwa anasubiri kioo kilete jibu huku abiria wanamkodolea macho dirishani. Siku moja nilipita pale akaniita.

"Kaka, hii kompyuta yako inatafuta siti au inazishona?"

Nikajua sasa tunahitaji connection pool.

Wazo la pool ni dogo. Asubuhi unafungua connection kumi na kuziweka tayari. Mwenye shida anaazima moja, anaulizia, anairudisha, mwingine anaichukua hiyo hiyo. Hakuna kusalimiana upya.

Siku hizi mnashusha kitu kilichokwishaandikwa na mnamaliza kabla chai haijapoa. Sisi laini yetu ilikuwa ya kuomba Mungu, kwa hiyo tuliamua tuandike wenyewe. Mimi nilikuwa nahangaika na printa ya tiketi, hivyo pool nikamwachia Novatus.

Akaniuliza inafanyaje kazi. Nikatafuta mfano wa karibu.

"Chukulia jirani yako ana mabakuli kumi," nikamwambia. "Unaazima moja, unapakulia, ukimaliza unamrudishia, na wengine wapate."

Novatus akacheka. "Hilo tu? Hilo mbona la nyumbani kabisa."

Akageukia kioo chake, akaanza kuandika. Nilifurahi sana. Nilijiona mwalimu.

Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja mfumo ulikuwa unaruka. Halima alikuwa anabonyeza, jibu linatoka kabla hajatoa kidole. Alifikia hatua ya kunisifia, tena mbele ya watu, kitu ambacho makondakta pale stendi walikisimulia kwa muda.

Kisha ikaingia Desemba.

Mliokulia kaskazini mnaijua Desemba ya Moshi. Kila Mchagga aliyeko Dar, Mwanza, Mbeya, popote, anapanda kwenda kwao. Basi linajaa, la pili linajaa, wengine wanaomba wakae hata kwenye ndoo.

Hapo ndipo mfumo ulipoanza kuganda. Unauliza siti, kioo kinabaki cheupe. Ofisi zote kwa mpigo, Dar mpaka Tarakea. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote, weupe tu. Tukizima seva na kuwasha, inakimbia vizuri, halafu baada ya muda inaganda tena.

Nikafikiri pool ni ndogo, nikaongeza connection zikawa ishirini. Ikachukua muda mrefu zaidi, ikaganda vile vile. Novatus akasema ni laini ya simu. Tukabadilisha waya. Ikaganda na waya mpya.

Mama Sixta akaja mwenyewe Majengo. Akasimama mlangoni na kanga yake begani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Imelala tena?"

"Imeamka Mama. Tumeizima tukaiwasha."

"Mtu wa kumwagiwa maji kila mara ndiyo aamke, huyo hajaamka. Huyo anaumwa."

Akaingia ndani, akawa anakipima chumba kwa hatua, kutoka ukutani hadi mlangoni, bila haraka.

"Mama, unatafuta kitu?" Novatus akauliza.

"Naangalia magunia yangu ya maharage yatakaaje." Akaigusa seva kama mtu anayegusa ng'ombe anayetaka kumuuza. "Ikilala tena kabla ya Krismasi, hizi nazitoa. Makarani wangu wanarudi kuandika tiketi kwa mkono kama zamani, na hapa panakuwa stoo. Na nyie mtakuwa mmemaliza kazi, mkapumzike kwenu."

Kesho yake tulikuta gunia moja la maharage limekaa kwenye kona. Alikuwa ameliingiza mapema ili lizoee.

Wakuu, hakuna kitu kinachomharakisha mwandika programu kama gunia linalomwangalia.

Mimi nina tabia moja, jambo nisipolielewa nakwenda kulikalia. Nikaenda stendi, nikavuta kiti nyuma ya Halima, nikakaa kimya natazama. Sikugusa kitu.

Asubuhi wengi walikuwa wa Arusha. Siti zipo, anauliza, zinapatikana, anakata tiketi, mfumo unakimbia. Walipoanza kuja watu wa Rombo hali ikabadilika.

"Tarakea? Hakuna mama."

"Hakuna, limejaa."

"Baba, nimeshakwambia limejaa. Hata ukiniangalia hivyo limejaa."

Baada ya "hakuna" kadhaa mfululizo, weupe. Nikampigia Novatus aliyebaki Majengo aiwashe upya kabla habari haijamfikia Mama. Tena "hakuna" kadhaa, tena weupe.

Nikamsogelea. "Dada Halima, tafuta siti ya Tarakea, mkesha wa Krismasi."

"Kaka, hilo basi limejaa tangu watu wanavuna mahindi."

"We tafuta tu."

Akatafuta. Hakuna.

"Tafuta tena."

"Kwani nikiuliza sana litaota viti?"

"Tena."

Akawa anabonyeza huku ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Baada ya muda kioo kikawa cheupe.

Tukawasha upya, na safari hii nikamwambia aulize Arusha, ambako siti zilikuwepo. Aliuliza mpaka akachoka, haikuganda. Nikamwambia aulize Tarakea mara chache, kisha Arusha mara moja, kisha Tarakea tena. Haikuganda pia. Kila ilipopata jibu la Arusha ilikuwa kama imekunywa uji, inapata nguvu upya.

Hapo nikang'amua. Mfumo ulikuwa hauchoki kwa wingi wa watu. Ulikuwa unachoka kwa kukosa.

Nikarudi Majengo mbio, nikafungua faili la Novatus. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana, na maelezo ya Kiswahili pembeni. Kwenye sehemu ya siti ikipatikana aliandika: rudisha connection. Kwenye sehemu ya siti isipopatikana aliandika: weka rafuni, subiri tupate kitu.

Nikasoma mara mbili. Nikamwita.

"Novatus, siti isipopatikana, connection inarudi saa ngapi?"

"Hairudi."

"Hairudi kwa nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini tunavaa suruali. "Itarudije tupu?"

Wakuu, nilikaa chini.

Akanieleza kwa upole wake wote. Kwao Rombo, jirani akikuletea kiburu kwenye bakuli, mnakula, mnaliosha, mnaliweka rafuni. Humrudishii tupu. Unasubiri mpaka upate cha kuweka ndani: mayai, parachichi, hata chumvi kidogo. Ukimpelekea bakuli tupu ni kama unamwambia asilete tena. Kwao kulikuwa na mabakuli ya watu yaliyokaa rafuni msimu mzima, na hakuna aliyenuna, kwa sababu kila mtu alijua yanasubiri nini.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema mabakuli," akamalizia.

"Nilisema urudishe."

"Nimerudisha. Kwa utaratibu."

Na utaratibu kweli aliuweka. Kila karani alikuwa na rafu yake ndani ya programu. Akikosa siti, connection inawekwa kwenye rafu. Siku akipata siti, zote za kwenye rafu zinarudishwa kwa pamoja, na shukrani. Ndiyo maana tangu mwezi wa nane hatukuona tatizo, siti zilikuwepo, mabakuli yakawa yanarudi na mayai ndani. Desemba hakuna siti, hakuna mayai, rafu zikajaa kote kaskazini mpaka Dar.

Mimi sikuwahi kulifikiria hilo hata kidogo, kwa sababu kambini kwetu nyumba ni ukuta kwa ukuta na bakuli ni moja moja. Mama yangu alikuwa analiosha na kunituma nalo likiwa bado linachuruzika, maana mwenye bakuli amekaa analisubiri ndiyo apakue cha kwake. Kuweka bakuli la jirani usiku mmoja ni kumlaza na njaa.

Yaani tulikaa kwenye chumba kimoja, tukazungumza habari ya bakuli, na kila mmoja akaliona la mama yake.

Nikamwambia Novatus tuhamishe ile amri ya kurudisha, ikae mwisho kabisa, ipite kila mara, siti iwepo isiwepo. Ni kazi ya mistari michache.

Akakataa.

Siyo kwa ukaidi. Alikuwa haoni raha moyoni. "Nitakuwa naipelekea database kitu kitupu kutwa nzima. Mimi sijalelewa hivyo."

"Novatus, hiyo ni mashine."

"Najua ni mashine. Mimi siyo mashine."

Nikamwonyesha gunia kwenye kona. Akaliangalia. Kisha akaja na mapatano yake: connection itarudi kila mara, lakini kabla ya kurudi itabeba swali dogo la kuiuliza database namba moja ni ngapi, database itajibu moja, ndipo inarudi. Angalau imerudi na kitu.

Niliona ni upuuzi, nikakubali ili tuishi.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu wakubwa duniani wanafanya hivyo hivyo, wanatuma swali dogo kama lile ili kupima kama connection bado ni nzima. Novatus nilipomwambia hakushangaa. Alisema labda na wao wana mama zao.

Tukaweka toleo jipya siku hiyo hiyo. Halima akauliza Tarakea mpaka foleni ikaanza kumcheka. Hakuna, hakuna, hakuna, na kioo kinajibu papo hapo. Alisema hajawahi kuona kitu kinakataa watu kwa kasi namna ile.

Wiki ile ya kuelekea Krismasi ilikuwa vita. Dar walikuwa wanauliza bila kupumua, Arusha vile vile. Sisi tulikaa Majengo tunatazama pool kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Haikuganda. Krismasi ikakaribia, Mama Sixta akaja.

Hakutupongeza. Alimwita fundi viatu amsaidie kutoa gunia nje. Kwa anayemjua, hiyo ni hotuba.

Kisha akakaa kwenye kiti changu akataka tumweleze ugonjwa ulikuwa nini. Novatus akamweleza kwa Kichagga, na mkono wake ukawa unachora bakuli hewani. Mama akatikisa kichwa kwa kuelewa, akamwambia hakukosea sana. Halafu akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo hizo ishirini wanaazimana wote?"

"Ndiyo Mama."

"Na yangu ni ipi?"

"Mama, ni za wote."

"Kwenye kampuni yangu kuna kitu cha wote na mimi sina changu?"

Tukamtengenezea yake. Pool ya peke yake yenye connection moja, na neno la siri alilolichapa mwenyewe kwa kidole kimoja huku sisi tumegeukia ukutani. Akasema ikiwa siku moja atasikia mtu ameigusa, maharage yanarudi. Hakuwahi kuitumia. Nadhani alitaka tu ijulikane ipo.

Funzo langu, wakuu, ni hili. Kwa wa Java: connection irudishwe kwenye finally, mahali panapopita kila mara, usiifungie ndani ya if, na usijaribu programu yako kwa data ya mwezi wa nane peke yake. Ijaribu siku hakuna kitu. Kwa wengine wote: ukimpa mwenzako mfano, mwombe akurudishie kwa maneno yake kabla hajaondoka nao. Mimi nilitoa mfano mzuri sana, nikasahau kuuliza kwao unaliwaje.

Mwenye kisa cha pool, cha bakuli, au cha bosi wa namna hii akiweke hapo chini. Ila nawaomba kwanza mnisaidie jambo moja, maana mpaka leo sijalipatia jibu.

Siku ya Krismasi Mama Sixta alitualika nyumbani kwake. Tulikuwa mezani mimi, Novatus na Halima, na Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa anatupakulia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Ofisi zote zilikuwa zimefungwa na funguo zilikuwa kwenye mkoba wake, juu ya kabati, tunauona.

Tuliporudi kazini tukaangalia kumbukumbu za seva. Mchana ule ule, tukiwa mezani, connection ya Mama ilitumika kutoka ofisi ya Tarakea. Neno la siri lilikuwa sahihi. Ikakatwa siti namba moja, nyuma ya dereva, Tarakea kuja Moshi, safari ya kesho yake. Jina la abiria liliandikwa Mama.

Dereva anasema basi lilijaa watu wamesimama mpaka mlangoni, lakini siti ile hakumkalisha mtu, maana ni ya Mama. Ilikuja tupu mpaka Moshi.

Kumuuliza Mama hatukuthubutu, kwa sababu kumuuliza ni kumwambia imeguswa. Tulichofanya ni kumshauri abadilishe neno la siri, kwa usalama tu. Akabadilisha, sisi tukiwa tumegeukia ukutani.

Krismasi iliyofuata siti namba moja ilikatwa tena kutoka Tarakea, kwa neno la siri jipya.